Nani Mkubwa Kati Yenu

Mwaka wangu wa kwanza Stockholm, mwalimu wetu wa Kiswidi alitupeleka kutembelea bunge. Tulikuwa darasa la watu wazima kutoka kila nchi iliyowahi kuwaka moto, na tulipita milangoni kwa adabu, kofia mkononi, kama watu wanaoingia kanisani. Mwongozaji alitufikisha kwenye ukumbi mmoja akasema hapa ndipo lilipokaa baraza la juu, zamani, kabla Waswidi hawajaamua kwamba baraza moja linawatosha. Viti vilikuwa safi, taa zinawaka, na alisema mpaka leo watu hufanyia mikutano humo. Wenzangu waliingia wakapiga picha. Mimi nilibaki mlangoni. Sijawahi kuvipenda vyumba ambavyo wenyewe wameondoka vikabaki vimepangwa vizuri.

Jioni nilimsimulia baba. Alikuwa amekaa dirishani kwetu, mtaa wa Hallunda, ghorofa ya juu kabisa, akiangalia theluji kama mtu anayelinda shamba. Alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu.

"Na kiti cha rais wa baraza, walikiweka wapi?"

Nilimwambia sikuuliza. Akatikisa kichwa, amesikitika kabisa. Huko nyumbani Burundi seneti ilikuwa inarudishwa baada ya miaka mingi, na baba aliifuatilia redioni kuliko vijana wanavyofuatilia mpira. Nani atakaa kitini, nani makamu, kura zimerudiwa mara ngapi. Mimi niliona ni upuuzi wa wazee. Sikuelewa kwamba baba alikuwa akitafuta mahali ambapo mtu anaweza kusimama, akaomba neno, na akapewa.

Maana baba alikuwa na neno, na alikuwa nalo tangu kabla sijazaliwa.

Kwetu watu hawahesabu vijiji, wanahesabu vilima. Kwenye kilima chetu baba alikuwa na mdogo wake mmoja, na mdogo wake huyo alikuwa na rafiki wa nyumba ya jirani. Walizaliwa pamoja, wakachunga pamoja, wakaingia shule siku moja, na walipofika sekondari wakawa wanatembea pamoja kwenda na kurudi. Mwaka wa mauaji, wanajeshi waliokuwa wakikusanya waliosoma waliwasimamisha kwenye daraja lililo chini ya kilima. Walikuwa wawili. Rafiki alirudi. Baba mdogo hakurudi, na hakuna kaburi. Usiku uleule familia ya rafiki iliondoka, na siku chache baadaye baba naye akavuka kwenda Tanzania, mama akiwa na mimba yangu. Hakupata kumuuliza yule rafiki kitu chochote.

Nimekulia kambini nikiwa na huyo baba mdogo ndani ya nyumba. Sisemi kwamba tulimwona. Nasema kwamba mlango ukigongwa, baba alisimama haraka kupita kiasi, kisha akakaa. Nasema kwamba hakuruhusu mtu yeyote kupiga mluzi, kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa miluzi. Nilipokuwa mtoto niliamini kila familia ina mtu wake wa namna hiyo, anayekula kidogo na kuchukua nafasi kubwa.

Tulipokuja Sweden nilidhani tumemwacha kule. Miaka michache ikapita kwa amani. Nilipata kazi ya uuguzi msaidizi katika hospitali ya Flemingsberg, mama akafariki tukamzika vizuri, baba akazeeka. Siku moja nilimtuma dukani, pale kwenye jumba la maduka, anunue maziwa. Alirudi mikono mitupu, koti limefungwa vifungo vibaya.

"Nimemwona wa darajani," alisema. "Anachagua nyanya."

Basi hivyo ndivyo tulivyomwita, wa darajani. Alikuwa amehamia kutoka mji mwingine wa kaskazini, ana mke na watoto wakubwa, anafanya kazi kwenye kiwanda cha malori Södertälje. Mtu mpole, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Kila mtu alimpenda. Mimi nilimchukia siku ileile, nikiwa sijamtazama hata usoni. Niliwaza: wawili wanasimamishwa, mmoja anarudi. Anayerudi amesema nini?

Watu wa nje wataniuliza kwa nini baba hakumwendea tu akamuuliza. Kuuliza si ujinga, ndivyo Waswahili wasemavyo. Lakini Mrundi si mtu wa kumwaga mambo mezani. Kwetu mtu mzima anapimwa kwa anachoweza kukimeza. Walikutana kanisani, wakapeana mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukishika kiwiko, kama inavyotakiwa. Waliulizana habari za nyumbani, za watoto, za baridi. Macho ya kila mmoja yalikuwa kwenye bega la mwenzake. Wakaendelea hivyo miaka, na mimi nikaendelea kukasirika kwa niaba ya baba, kazi ambayo hakuna aliyenipa.

Sasa nieleze kuhusu chama chetu. Kilikuwa chama cha watu wa Maziwa Makuu, Warundi wengi, Wanyarwanda, Wakongo, na Wakenya kadhaa waliokuja kama wanafunzi au wake za watu. Lugha ya mikutano ilikuwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Vijana waliozungumza Kiswidi kama wenyeji walichukua kamati yote, na wazee wakaanza kununa. Wakasema wao wamegeuzwa wapambaji wa viti. Ili kuepusha ugomvi, vijana wakawapa baraza lao la juu, la watu wa miaka arobaini kwenda mbele, la kupitia mambo mazito: misiba, ndoa, ugomvi wa majumbani. Jina rasmi lilikuwa refu. Sisi tuliliita seneti, kwa utani, na wazee wakaipokea seneti bila utani wowote.

Likabaki suala la nani atakaa kitini. Ilikuwa mwaka ule seneti ya Kenya ilipofufuka, kwa hiyo Mkenya wetu, dereva wa basi, alifika na mawazo yake moto.

"Sisi tumemaliza juzi tu," alisema. "Spika hatoki kwa maseneta. Anatolewa nje, anapigiwa kura ya siri, asipopata theluthi mbili wanarudia. Ukichagua mmoja wenu mtararuana, mark my words."

"Na nje ya chumba hiki kuna nani, bwana?" aliuliza Mkongo mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa tai na vitambaa vya mfukoni. "Kuna duka la pizza. Tumchukue muuza pizza? Non. Tutafuata utaratibu wetu. Rais anatoka ndani ya baraza."

Na utaratibu wao, waliourithi kwa Wafaransa na Wabelgiji, ulikuwa huu. Kabla rais hajapatikana, kiti kinakaliwa na mkongwe kuliko wote, doyen kwa Kifaransa chao. Wajumbe wawili wadogo kwa umri wanakuwa makarani wake. Na maadamu mkongwe yuko kitini, hakuna mjadala wa aina yoyote. Hakuna hoja, hakuna malalamiko, hakuna swali nje ya uchaguzi wenyewe. Mjadala unafunguliwa rais mpya akishakaa. Mwalimu alilirudia hilo la mjadala mara kadhaa, akimwangalia Mkenya.

Tulikutana Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kukodi hapo Hallunda, wenye harufu ya kahawa na sakafu iliyopigwa deki. Kazi ya kwanza ilikuwa kumpata mkongwe, na hapo ndipo tulipogundua kosa letu. Tulikuwa tumechagua kanuni ya umri, sisi, watu tusio na umri.

Tarehe mosi Januari, Hallunda nzima inazaliwa. Makarani wa kambi hawakuwa na muda na mama anayesema mtoto alikuja wakati wa kupalilia maharage. Waliandika mosi Januari, mwaka wakakisia, wakaita mwingine. Wengine walipunguza wenyewe ili wapate shule au kazi. Hospitalini muuguzi mmoja Mswidi aliwahi kuniuliza, kwa upole kabisa, ikiwa akina mama wa kwetu hupatana kujifungua siku moja. Nilimwambia ndiyo, sisi ni watu wa mipango.

Kwa hiyo hakuna aliyetoa kitambulisho. Tuliangaliana nyuso, tukaulizana nani anakumbuka nini. Baba alikuwa akikumbuka kwa macho yake mambo ambayo wengine walisimuliwa. Akapelekwa kitini. Wadogo tulikuwa mimi, niliyetimiza arobaini juzi tu, na yule dereva wa basi, tukakaa kushoto na kulia kwake, na bakuli la plastiki la saladi mbele yetu kwa ajili ya kura.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Alivaa suti aliyoivaa kumzika mama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amekaa mbele ya watu, na wa darajani alikuwa amekaa chini yake, safu ya pili, akimtazama. Ilibidi amtazame. Nikawaza: miaka yote hii amekosa pa kumuulizia, na leo amepewa kiti kinachomfunga mdomo. Nilitamani kucheka na nilitamani kulia.

Wagombea walikuwa watatu. Mwalimu mwenyewe, ambaye hakuna aliyemwomba. Mama mmoja wa Kikongo, mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache aliyewahi kuamua ugomvi wa nyumba nyingi kuliko mapadre. Na wa darajani. Yeye hakujitokeza, alipendekezwa na watu wa kanisa, na akainuka akasema kama ni lazima basi sawa. Nilimpigia kura mama bila kufikiri.

Raundi ya kwanza mwalimu aliambulia kura ambazo ni heri nisizitaje, akajitoa kwa hotuba. Baba akamkatiza. "Hakuna hotuba," alisema. "Mkongwe yuko kitini." Watu wakacheka. Raundi ya pili hakuna aliyevuka nusu, kwa sababu baadhi waliacha karatasi tupu. Raundi ya tatu mimi na dereva tulihesabu, tukahesabu tena, tukatazamana.

"Zimelingana, mzee," dereva akamwambia baba.

Baba akamgeukia mwalimu, naye mwalimu tayari alikuwa amesimama. Kura zikilingana raundi ya tatu, alisema, anapita mwenye umri mkubwa. Ndiyo kanuni. Kukawa na kicheko kikubwa, kwa sababu kila mtu aliwaza mosi Januari. Kisha kicheko kikafa chenyewe, maana safari hii haingetosha kuangaliana nyuso.

Mama wa Kikongo alisema yeye siku yake anaijua, padre aliiandika. Akaitaja, siku, mwezi na mwaka. Wa darajani akaulizwa.

"Karatasi yangu inasema mosi Januari," alisema. Akataja mwaka. "Kwa karatasi, mama ni mkubwa kwangu kwa miaka. Kiti ni chake. Mimi sina neno."

Ilikuwa imekwisha. Yule mama aliyestahili angepata kiti, mtu mpole angerudi safu ya pili, na sisi tungekula. Kulikuwa na sambusa zinapoa jikoni. Nilishika bakuli niliondoe. Baba akaweka mkono wake juu ya bakuli.

"Karatasi imekosea," alisema. "Mimi namjua mtu huyu."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Miaka yote alikuwa akisema tumeonana, au tumesalimiana.

Aliongea taratibu, kwa Kiswahili, si kwa Kirundi, ili wote wafuate. "Mwaka nilioanza shule kwa mapadre naujua. Mwaka huo nilitumwa kwao kupeleka maziwa kwa sababu mama yake alikuwa amejifungua. Huyu hapa ndiye aliyekuwa kwenye nguo. Kitovu chake kilikuwa hakijadondoka bado, mama yangu naye akajifungua mdogo wangu. Kwa hiyo huyu ni mkubwa kuliko mama hapa, kwa mwaka na zaidi." Akasogeza miwani. "Na ni mkubwa kuliko mdogo wangu. Mimi ni shahidi. Kiti ni chake."

 Nusura nimvute koti. Unampa kiti, baba? Huyu? Kwa mdomo wako mwenyewe, na kwa kuzaliwa kwa ndugu yako? Lakini mkongwe alikuwa kitini, na kanuni ilinibana na mimi. Yule mama wa Kikongo aliinamisha kichwa akasema, "Voilà, mzee amesema," akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata.

Baba akavua miwani, akainuka, akamwachia wa darajani nafasi apite. Walipishana bila kugusana. Baba hakuja kukaa karibu nami. Alikwenda safu ya mwisho, karibu na mlango, akabaki amesimama mpaka yule mwingine alipokaa. Yule mwingine alichelewa sana kukaa. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, kama mtu anayepima kama kitamhimili. Hatimaye akakaa, na alipokaa tu, baba akanyoosha mkono.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkongwe ameshuka, rais amekaa, mjadala uko wazi. Baba hakuwa amemzawadia mtu. Alikuwa amefungua mlango kwa ufunguo pekee aliokuwa nao.

"Naomba neno, mheshimiwa rais."

"Mzee, tafadhali," mwalimu akadakia, "hakuna kitu kwenye ajenda."

"Neno amepewa," alisema wa darajani.

Wasemao penye wazee haliharibiki neno wanasema kweli. Ila hawasemi kwamba neno linaweza kukaa miaka arobaini mdomoni mwa mtu. Baba alishika kiti kilichokuwa mbele yake.

"Mlikuwa wawili darajani. Nataka kujua mdogo wangu alisema nini."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni daraja gani. Chumba kile kilijaa watu wenye madaraja yao. Mama mmoja wa Kinyarwanda alifunika uso kwa kitambaa. Dereva wa basi, ambaye kwao ni mbali na hayo, aliinamia bakuli la saladi na hakuinua kichwa tena. Mimi nilimtazama wa darajani, usoni, kwa mara ya kwanza kabisa nafikiri. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu ujana.

"Gari lilikuwa limejaa," alisema. "Walisema imebaki nafasi ya mmoja. Mmoja wao akauliza, nani mkubwa kati yenu?"

 Alikuwa akiuangalia mkono wake juu ya meza.

"Mzee, unakumbuka alivyokuwa mrefu. Alinipita kichwa kizima. Kila siku alikuwa akisema yeye ndiye mkubwa, njia nzima tunabishana, mimi namwambia mama yangu alitangulia, yeye anasema basi simama hapa tupimane. Walipouliza, mimi nilinyamaza. Niliogopa. Yeye akasema, mimi. Akasema hivyo huku anatabasamu, kama kila siku. Wakamchukua."

Baba alikiachia kiti alichokuwa amekishika.

"Sijui kama alijua wanauliza kwa nini," wa darajani aliendelea. "Kila siku najiuliza. Kuna siku nasema alinikinga. Kuna siku nasema alikuwa anajigamba tu, mtoto yule, na mimi ningeweza kusema hapana, ni mimi, kama nilivyokuwa nikisema kila siku njiani. Siku ile tu sikusema. Na leo wewe umekaa mbele za watu umesema mkubwa ni mimi."

Nilikuwa nimemchukia mtu huyo miaka mingi kwa sababu ya maneno niliyodhani aliyasema. Sasa sikujua chuki yote ile niipeleke wapi, na ilikuwa nzito, na ilikuwa yangu peke yangu. Nje watoto walikuwa wakicheza na kuitana kwa Kiswidi. Mmoja wao alipiga mluzi. Baba aligeuka mlangoni, haraka kupita kiasi, kama alivyogeuka maisha yangu yote. Kisha akageuka tena mbele.

"Lakini alikuwa mdogo," alisema, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mtoto. "Alikuwa mdogo wetu."

"Ndiyo, kaka," alisema wa darajani. "Mdogo wetu."

Baba akaketi. Rais wa seneti yetu alipangusa uso kwa kiganja, akatuangalia safu kwa safu, akauliza kama kuna mwingine anayeomba neno.